Kamera Ndogo na Majina ya Waliotutangulia



Katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Dubai, London au Toronto, mna droo moja ya vitu vilivyostaafu: funguo za milango isiyokuwa yetu tena, chaja za simu zilizokwishakufa, saa ya mkono isiyotembea, na kamera ndogo ya dijitali ndani ya kifuko chake cheusi. Kamera hiyo ilinunuliwa zamani kidogo, ikapiga harusi mbili tatu na safari moja ya Unguja, kisha simu ikaja ikaipokonya kazi. Haikuharibika. Ilisahauliwa tu.

Wala si kwetu peke yetu. Mwaka 2010 viwanda vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi mno zikiwa hizi ndogo za mfukoni. Kufikia mwaka 2020 idadi ya mwaka mzima ilikuwa imeshuka chini ya milioni 10. Mamilioni ya kamera nzima, basi, yamelala katika madroo ya dunia. Leo nataka kuitetea moja katika hizo, na kueleza namna inavyotunzwa na inavyotumika, kwa sababu naamini ndicho chombo kinachotufaa kwa kazi ambayo muda wake unakwisha: kazi ya kunakili picha za wazee wetu pamoja na majina ya waliomo.

Picha hizo ni chache, na sababu yake inajulikana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi waliondoka Zanzibar na kile walichoweza kukibeba. Wapo waliopitia Mombasa, wengine Cairo, Kuwait au Dubai, kabla ya kufika Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango waliokuwa nje. Katika safari ndefu namna hiyo mtu huchukua hati, dhahabu kidogo na nguo. Picha zilizookoka zilisafiri zimekunjwa ndani ya kanga au zimebanwa katikati ya msahafu. Nyingine zina muhuri wa studio nyuma yake, kama ule wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe na Ranchhod Oza mwaka 1930. Zimepita mikono mingi, joto jingi na gundi mbaya ya albamu. Kila mwaka rangi yake inafifia, na kila mwaka wanaozijua sura zile wanapungua.

Mtu ataniuliza: simu ina kasoro gani? Simu haina kasoro, na asiyekuwa na kingine na atumie simu. Lakini simu nyingi hujitia kuboresha: hulainisha ngozi, huongeza mwanga, hunoa kingo, na huyafanya hayo bila ya kukuuliza. Kwa picha ya keki ya Idi hilo si neno. Kwa uso wa mtu aliyefariki mwaka 1950, ambao hauna nakala nyingine duniani, afadhali chombo kinachoonyesha kilichopo. Tena simu hulia. Mzee anapoanza kukumbuka jina, ukapigiwa simu na kifaa kilekile unachokifanyia kazi, jina lile huenda lisirudi. Kamera ndogo haina la kufanya ila kupiga picha. Ina kadi yake, na ndani ya kadi ile hakuna ila kazi hiyo.

Kamera yangu ni ya mwaka 2009, yenye megapikseli 10. Msidanganywe na hesabu kubwa za siku hizi. Picha ya megapikseli 10 ina takriban nukta 3,648 kwa upana. Picha ya kale yenye urefu wa sentimita 14 ikijaa vizuri ndani ya fremu, kila inchi yake hupata nukta zaidi ya 500, ilhali kuichapa kwa ubora wa kitabu huhitaji nukta 300 tu. Kinachokosekana kwetu ni utunzaji na subira.

Nianze na utunzaji. Kitu cha kwanza kuua kamera iliyohifadhiwa ni betri. Yangu hutumia betri mbili za AA. Betri za kawaida za alkalini zikiachwa ndani miaka, huvuja na kuacha unga mweupe juu ya vyuma vya kupitishia umeme. Ukiukuta unga huo, usiitupe kamera. Vaa glavu, utoe betri, uchovye kijiti cha pamba katika tone la siki au maji ya ndimu, upanguse vyuma vile taratibu, kisha ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uache pakauke kabisa. Ndimu inafanya kazi kwa sababu kilichovuja ni alkali, na asidi huizimua. Baada ya hapo tumia betri za kuchajiwa, na kila unapomaliza kazi zitoe. Kamera zenye betri bapa za lithiamu zina kanuni yake: betri haipendi kuhifadhiwa tupu wala imejaa kabisa, bali nusu, mahali pa baridi. Kuiacha ndani ya gari Maskati mwezi wa Julai ni kuiua. Na ikiwa imevimba, usiichaji tena. Ipeleke panapokusanywa betri mbovu.

Cha pili ni mchanga. Lenzi ya kamera hizi hutoka na kurudi kama shingo ya kobe, na punje moja ya mchanga ikiingia katika ule mwanya wa shingo, mota hukwama, kamera huandika kwamba lenzi ina hitilafu, na hujizima. Sisi tunaishi baina ya jangwa na bahari, kwa hiyo tahadhari hii ni yetu zaidi kuliko ya watu wengine. Usiwashe kamera penye upepo wa mchanga. Kabla ya kuifuta lenzi, puliza vumbi kwanza kwa kile kipira cha mpira cha kupulizia hewa, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani, kwa mzunguko, kutoka katikati kwenda pembeni. Usifute kwa pindo la kanzu, hata kama kanzu yenyewe imetoka kufuliwa, maana vumbi lililonasa katika uzi ndilo linalokwaruza kioo.

Cha tatu ni unyevu. Ukiitoa kamera katika chumba chenye kiyoyozi ukaifikisha ghafla katika hewa ya pwani, kioo huvukuta papo hapo, na mvuke uleule huweza kuingia ndani. Itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vyema kabla hujatoka, uiache humo nusu saa mpaka ipate joto la nje, kisha uitoe. Kwa walioko Unguja na Mombasa adui ni kuvu: huota juu ya vioo vya ndani kama nyuzi nyembamba, na hautoki kwa kufuta nje. Kamera na ikae katika kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na itolewe mara kwa mara ipate hewa na mwanga.

Cha nne, ambacho watu hukipuuza, ni saa. Ndani ya kamera mna chanzo kidogo cha umeme kinachoilinda saa betri kubwa zinapotolewa, lakini hakidumu. Baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na kamera huanza kuandika ndani ya kila faili kwamba picha imepigwa mwaka ambao wengine wetu walikuwa hawajazaliwa. Kila siku ya kazi, kabla ya kugusa kitu kingine, isahihishe tarehe. Mjukuu atakayekuja kusoma faili zile baada ya miaka 50 atataka kujua maelezo yalitolewa lini, na na nani aliyekuwa hai siku hiyo.

Na kadi nayo ina adabu yake. Kamera za zamani hazisomi kadi kubwa: zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida huishia kwenye kadi za gigabaiti 2, na nyingi zilizofuata huishia 32. Usiichomoe kadi taa ikiwa inapepesa. Ukitaka kuisafisha, isafishe kwa menyu ya kamera yenyewe, si kwa kompyuta, na si kabla picha zake hazijahifadhiwa pahala pengine pawili. Kumbukeni pia kwamba nambari za picha hufika 9999 kisha huanza upya, basi majina ya faili hujirudia na jipya laweza kulifuta la zamani. Kila siku ya kazi ipewe folda yake, jina lake likiwa mwaka, mwezi na tarehe.

Sasa kazi yenyewe. Weka picha ya kale mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga mwingi usiokuwa jua la moja kwa moja. Asubuhi baada ya kifungua kinywa ni wakati mzuri. Zima fleshi, fleshi huacha doa jeupe katikati ya paji la uso la babu yako. Chagua alama ya ua, yaani hali ya kupiga vitu vya karibu. Weka ISO ya chini, 80 au 100. Usiisogeze kamera mno, kwa kuwa lenzi ikiwa imefunguka kwa upana wote hupinda mistari iliyonyooka. Rudi nyuma kidogo, uvute zumu kidogo, mpaka kingo za picha zionekane sawa. Iegemeze kamera juu ya vitabu au kigoda kidogo cha miguu mitatu, utumie kihesabio cha sekunde 2 ili mkono wako usiitikise. Bonyeza kitufe nusu kwanza, usubiri mraba wa kijani, kisha umalizie.

Picha iliyo nyuma ya kioo, ambayo ukiitoa itachanika, inakupa shida ya kuonyesha dirisha, kamera na uso wako mwenyewe. Dawa yake iko kabatini: mwambie mtu asimame nyuma yako amelitandaza buibui jeusi kwa mikono miwili, nawe upige kwa mbele yake. Weusi ule utapunguza mwakisi kwenye kioo.

Kisha igeuze picha na upige mgongo wake. Hili ni wajibu. Muhuri, bei, namba ya studio, neno moja la penseli: kila kitu. Maandishi yaliyofifia usiyapige kwa mwanga wa juu. Funga mapazia, ulaze taa ndogo ubavuni mwa picha, karibu sawa na meza, mwanga upite juu ya karatasi kama jua la magharibi juu ya mchanga. Penseli huacha mfereji hata risasi yake inapofutika, na mwanga wa ubavu huujaza mfereji ule kivuli.

Ni kwa njia hiyo ndipo tulipoisoma picha moja ya familia yetu. Ni ya studio, ya mwanzo wa miaka ya 1940. Babu yangu amekaa kitini na jambia lake, watoto wamesimama, na pembeni kabisa yuko mwanamke mtu mzima, mweusi, amejitanda, amempakata mtoto mchanga. Maishani mwangu mwote niliambiwa kuwa yule ni yaya. Katika shajara ya nasaba yetu, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kuletwa Maskati kwa heshima kubwa, baba wa kila mtu yumo mpaka vizazi 11, na mama wa babu hayumo. Pana jina la baba yake, kisha mstari unaendelea.

Nyuma ya picha, kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, palikuwa na penseli isiyosomeka. Mwanga wa ubavu ulitupa maneno matatu: "mama na wajukuu", na chini yake jina la mwanamke. Nilimwonyesha shangazi yangu, ambaye ndiye aliyebaki katika watoto wale waliosimama. Macho yake hayaoni vizuri, basi nikaikuza sura ile kwenye kioo cha kamera, kipande kwa kipande, mpaka ikakijaza kioo. Akainyamazia kwa muda. Kisha akasema, "Huyo si yaya, mwanangu. Huyo ndiye aliyemzaa baba yetu."

Alinieleza yaliyobaki kwa Ijumaa nne. Mwanamke yule aliletwa Unguja mdogo kutoka bara, upande wa Nyasa, na akawa suria katika nyumba ya baba wa babu. Wanaosoma historia wanajua kwamba sheria ya mwaka 1897, iliyoondoa utumwa Zanzibar, haikuwagusa masuria; wao walingoja mpaka 1909. Babu alizaliwa katikati ya miaka hiyo. Kwa sharia ya dini mtoto wa suria ni huru, na hurithi sawa na ndugu zake, na babu alirithi. Mama yake ndiye aliyewalea wajukuu wote, akawafundisha hadithi na methali ambazo sisi huzitaja mpaka leo tukisema "wazee walisema". Mzee mwenyewe, kwa kumbukumbu ya shangazi, alikuwa ni yeye.

Sikuyaandika haya kwa ajili ya kuiaibisha nyumba yetu. Nyumba nyingi za Waarabu wa Kizanzibari zina bibi kama huyu, na rangi za nyuso zetu zinalisema hilo kabla hatujafungua midomo. Lakini jambo halikupokewa sawa na wote. Kaka mmoja wa ukoo, mtu mwema ambaye amegharimia mengi, anatengeneza kitabu cha familia, na aliniomba nimpe picha ile ikiwa imekatwa pembeni, "ipendeze". Kuikata ni kazi ya sekunde mbili. Nilimpa nzima, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo iliyopo kwenye kadi. Mpaka ninapoandika hapa mazungumzo hayajafika mwisho, na ndiyo sababu silitaji jina la bibi yetu. Nitalitaja siku aila itakapokubali, au siku shangazi atakaponiamrisha. Limekwishaandikwa katika nakala tatu.

Hapa pana kanuni ninayowasihi muishike kuliko zote. Faili lililotoka katika kamera haliguswi. Ukitaka kulipunguza, kulingʼarisha au kulikata, fanya nakala ufanye katika nakala. La asili libaki na pembe zake zote, kwa sababu hatujui nani amesimama pembeni.

Kwa kila picha, piga faili tatu: uso, mgongo, na karatasi. Karatasi hiyo iandikwe kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa: nani yumo, kutoka kushoto kwenda kulia, wapi, takriban mwaka gani, nani ametuambia, na leo ni tarehe ngapi. Andikeni na udugu, siyo jina tupu, maana katika koo zetu majina hujirudia mpaka babu na mjukuu hawatofautiki. Asiyejulikana aandikwe kuwa hajulikani, wala asirukwe. Mzee akitoa jina kwa shaka, shaka yake nayo iandikwe.

Kisha nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja katika nyumba nyingine, na ikiwezekana nchi nyingine. Katika hili kutawanyika kwetu kumekuwa neema. Diski yetu ya pili iko kwa binamu yangu Leicester, na ya tatu kwa halati yangu Unguja. Msitegemee zile mnazotumiana kwa simu. Programu za ujumbe huzipunguza picha ubora na mara nyingi huondoa tarehe iliyomo ndani. Mkitaka kutumiana, tumeni faili kama hati, si kama picha.

Idi inakaribia, na wengi wetu tutakutana. Anayekwenda kwa wazee na apitie droo yake kwanza, anunue betri, asahihishe tarehe, aichukue kamera. Aombe albamu kwa adabu, akae upande wa mzee ambao sikio lake linasikia, aulize mtu mmoja baada ya mmoja, wala asimharakishe. Asiulize waliokaa kitini tu. Aanzie pembeni.

Na anayelijua jina la mtu mmoja tu katika picha ya watu saba, na aliandike hilo moja.